Mlenda mkavu hauuziki kwa kila mtu

Dada, umesema umelipia tangazo la mlenda mkavu Instagram wiki mbili, "likes" zimemiminika, oda mbili tu. Tangazo ulilielekeza wapi? Kama ni Dodoma mjini, hapo ndipo pesa ilipopotelea. Mtu wa Chang'ombe anashuka soko la Majengo, anapimiwa mlenda kwa kopo, anarudi kupika. Akulipe wewe na nauli ya bodaboda juu, ili iweje?

Mteja wako ni Mgogo au Mrangi aliyehamia Dar, Mwanza au Arusha, anayekula ugali huku akikumbuka mlenda wa bibi. Huyo hatafuti "lishe bora asilia". Anza posti na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, uone watakaosimama. Onyesha mlenda ukiiva na karanga, uvutike kwenye mwiko. Picha ya pakiti peke yake haimkumbushi mtu kwao.

Mimi nauza ubuyu, na wateja wangu wa kwanza wote walitoka magrupu ya WhatsApp ya ukoo na ya waliosoma pamoja. Omba ruhusa ya admini kwanza, usivamie. Anayenunua mwambie asevu namba yako, maana ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp ("broadcast", unatuma mara moja unawafikia wengi) haumfikii ambaye hajaisevu, na orodha moja inachukua watu 256 tu. Kwa mlenda, 256 wanaorudi kila mwezi ni wengi mno, utachoka kufunga.

Mizigo kusanya, tuma kwa basi mara moja kwa wiki. Bei uliyoandika ina nauli ndani au bado?