Kujishtukia Disemba

SWALI: Anti shikamoo. Mi nipo Arusha nauza viatu vya mtumba, kwetu Kibosho. Sasa kila Disemba nyumbani wanajaa, kila mtu na ndinga yake mpaka huko migombani hakuna pa kugeuzia, mi nashuka na bodaboda begi mgongoni. Mwaka jana nilijifungia ndani siku 2 nasema tumbo linauma, kumbe aibu tu. Maisha si mabaya, tunakula, watoto wanasoma, ila nikiwaza wanavyoniangalia raha yote inakata. Mwaka huu nisingizie biashara nisiende?
Mchagga wa Sakina

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yani umekosa supu ya kisusio siku 2 kisa gari la mtu mwingine, hapo umenichekesha na umeniudhi.

Sikia, mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa utafiti, walimvalisha mwanafunzi tisheti yenye sura ya Barry Manilow, mwanamuziki ambaye kwa vijana wale kumvaa ni ushamba, wakamwingiza chumbani kwa wenzie kisha wakamuuliza unadhani wangapi wameiona hiyo sura? Waliovalishwa walikisia karibu nusu. Walioiona kweli kama robo tu. Ukishajishtukia unadhani na dunia nzima imekushtukia.

Sikudanganyi lakini, robo nao ni watu, na kwetu Uchagani hiyo robo ndo mashangazi na yule mjomba ambaye akishashika kata ya mbege lazima aulize "na wewe unavuta lini gari?" Waliobaki wana yao, mmoja kaazima, mwingine mkopo unamnyonga, na mwenye Noah anaumia akimwona mwenye Prado. Mi niliwahi kwenda kipaimara Machame na viatu tofauti, kimoja cheusi kingine bluu, ibada nzima nimekunja miguu chini ya benchi, jioni namwambia dada yangu anashangaa, yeye kutwa alikuwa anawaza wigi lake limekaa upande!

Umeandika mwenyewe mnakula na watoto wanasoma, alafu ukayafuta yote kwa ajili ya macho ya watu ambao hujawahi hata kuwauliza wanaona nini.

Nenda bwana. Mbebee mama sukari na khanga, mjomba akiuliza gari mwambie bado, mjazie kata. Ila wahi kuondoka, ikifika tarehe 23 stendi Kosta hazipandiki.