Mzee Capulet asijifiche nyuma ya uhasama

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza Romeo na Juliet wa Shakespeare waliponzwa na nani. Najua wengi watajibu "uhasama wa koo mbili", Capulet wa Juliet na Montague wa Romeo, na mjadala uishie hapo. Mimi namtaja mtu: mzee Capulet, baba mzazi wa Juliet.

Uhasama wenyewe ulishaanza kuchuja. Chanzo chake hakitajwi popote katika tamthilia, na mapema tu mzee anakiri kwamba watu wa umri wake na wa mzee Montague, baba wa Romeo, hawashindwi kuishi kwa amani. Usiku wa karamu, Tybalt anapomtambua Romeo na kutaka kumwaga damu, Capulet ndiye anayemkaripia mtoto huyo wa shemeji yake. Anasema Verona nzima inamsifu Romeo kwa adabu. Sawa, alikuwa pia anailinda karamu yake, lakini mtoto wa adui aliondoka pale salama.

Sasa itazameni posa ya Paris, bwana mwenye cheo aliyetaka kumwoa Juliet. Mwanzoni baba ana busara: binti hajatimiza miaka 14, isubiriwe miwili mingine, na yeye mwenyewe aridhie. Jumatatu usiku, Tybalt ameuawa na Romeo siku hiyohiyo na msiba ungali mbichi, mzee anampangia Paris harusi Alhamisi bila kumuuliza binti. Juliet anapokataa, anatishiwa kuburutwa kanisani, la sivyo akafie njaa barabarani. Mama anampa kisogo. Yaya aliyemnyonyesha anamshauri aolewe tu na Paris, ilhali anajua fika kwamba Juliet ameshaolewa na Romeo kwa siri. Mtoto wa miaka 13 aende wapi?

Anakwenda kwa Padre Laurence, aliyewafungisha ndoa hiyo, anapewa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42 ili aikwepe harusi. Mpango ulikuwa ainywe Jumatano usiku. Lakini anaporudi nyumbani akijifanya ametubu, mzee anafurahi kupita kiasi na kuamua harusi iwe kesho yake, Jumatano. Mkewe anasema muda hautoshi, hasikilizwi. Dawa inanywewa Jumanne. Barua ya Padre ya kumweleza Romeo mpango huo, kwenda Mantua alikokuwa uhamishoni, ilikwama kwa sababu mpelekaji alifungiwa kwenye nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, na hilo halikuwa kosa la mtu. Ila Padre alipopata habari alikusudia kuandika nyingine. Angekuwa na ile siku aliyoikata Capulet, huenda barua ya pili ingemfikia Romeo kabla ya taarifa ya mazishi ya Juliet iliyomfanya ajiue.

Padre naye ana lake, hasa kule kukimbia makaburini na kumwacha binti peke yake na maiti ya mumewe.

Mwishoni Capulet anamwomba Montague mkono na kusema watoto wamekuwa kafara ya uadui wao. Jibu hilo linamfaa sana, maana nusu ya lawama inakwenda kwa Montague. Harusi ya Alhamisi haitaji kabisa.

Msomaji wenu,
Morogoro