Kumchapa mtoto wa miaka minne kwa sababu ya swala

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanetu ana miaka minne. Baba yake akimwona anachezacheza wakati wa swala humchapa, anasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi humbembeleza, na bibi yake ndiyo kabisa: akililia simu au soda, anapewa. Nani kati yetu yuko sawa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Nianze na fimbo. Bila shaka mumeo anategemea hadithi aliyoipokea Abu Daud: waamrisheni watoto wenu kuswali wakiwa na miaka 7, na wapigeni kwa kuiacha wakiwa na miaka 10. Mwanenu hajafikia hata umri wa kuamrishwa, sembuse kuadhibiwa. Tena kati ya 7 na 10 kuna miaka mitatu ya kuambiwa tu, swala tano kila siku. Na hiyo ya miaka 10 wanazuoni wameiwekea masharti: isijeruhi, isiguse uso, isiwe ya kumalizia hasira. Kwa wa miaka minne, hadithi hii si hoja ya mumeo bali ni hoja dhidi yake.

Na huko kuchezacheza? Mtume (s.a.w.) aliwahi kurefusha sijda mpaka watu wakadhani kuna jambo limetokea. Alipoulizwa, akasema mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla hajamaliza haja yake. Ameipokea Nasai. Msomee mumeo, kwa upole.

Lakini dada yangu, usidhani nimekupa ushindi. Hasan, mjukuu wa Mtume, alipokuwa mdogo aliokota tende ya sadaka akaitia kinywani. Mtume akamwambia, "Kikh, kikh," aiteme, kisha akamuuliza: hujui kwamba sisi (yaani Mtume na jamaa zake) hatuli sadaka? Imo katika Bukhari na Muslim. Hakumchapa, wala hakusema "mwacheni, bado mtoto." Alimkataza papo hapo, kwa sauti ambayo mtoto yeyote anaielewa, kisha akamtajia sababu. Nyumbani kwenu baba ana katazo lisilo na maelezo, na nyinyi wawili hamna katazo kabisa.

Kwa hiyo simu ikikataliwa, ikataliwe na wote, hata akigaagaa sakafuni. Wala msimnyamazishe kwa ahadi ya pipi ambayo haitakuja: mama mmoja alimwita mwanawe "njoo nikupe", Mtume akamuuliza atampa nini, akasema tende, akaambiwa kama asingempa, angeandikiwa uongo.

Kuhusu bibi (nao bibi ndivyo walivyo), aseme naye mumeo, maana ni mama yake. Wewe usimkosoe mbele ya mjukuu. Na swala: mtandikieni mtoto kimswala chake pembeni ya baba yake. Akirukuu, alhamdulillah; akichoka rakaa ya pili akaenda zake, mwacheni aende.

Wabillahi tawfiq.