Kuhusu ile kamera unayotaka kununua

Mama,

Jumapili uliniandikia hivi: "Baba, kuna mtu hapa Nakuru anauza Canon 2000D pamoja na lenzi yake ya 18-55. Akiba yangu inatosha. Niichukue nianze kupiga picha za harusi, au nitajuta?" Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu ningesahau nusu ya mambo.

Ichukue. Lakini usianze na harusi.

Nimefanya kazi na kamera hiyo miaka minne hapa Kisumu, nayo imenilipia karo ya mdogo wako. Ilitoka mwaka 2018, ina megapikseli 24, na sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 22.3 kwa 14.9. Usihangaike sana na hizo megapikseli. Ukubwa wa sensa ndio unaoiacha mbali simu yako, na ndio unaofanya uso wa mtu utoke laini huku nyuma yake kukififia vizuri. Nenda nayo ufuoni Dunga, hapa Kisumu, saa kumi na moja jioni, wavuvi wakirudi na jua limelala juu ya maji, uone itakavyokupa picha. Mchana, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kamera yangu ni ya bei gani.

Shida yake ni giza, na harusi zetu zina giza kuliko watu wanavyodhani. Kanisa lina madirisha madogo, mapazia yameshushwa, halafu mlango mkubwa uko wazi nyuma ya bibi harusi. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi 55, yaani mwisho wa kuvuta karibu, tundu lake la kuingiza mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Basi inabidi upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hadi 1600 mimi sina wasiwasi. Ukifika 6400 picha inajaa chembechembe, na chembechembe hizo huonekana kwanza kwenye vivuli vya ngozi nyeusi kama yetu.

Harusi yangu ya kwanza na kamera hii ilinifunza kwa uchungu. Ina nukta 9 za fokasi, yaani za kushika pale picha itakapokuwa kali, na ya katikati pekee ndiyo ya msalaba, yaani inayoshika mistari ya wima na ya mlalo. Mimi nilikuwa nimechagua ya pembeni. Bibi harusi alipoingia, lenzi ikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta pa kushika, na ilipopata, ilishika maua yaliyofungwa kwenye benchi. Picha sita, zote za maua. Albamu ile sikuilipisha, na uso wa mama yake bibi harusi alipoifungua bado ninao moyoni. Kwa hiyo, Mama, tumia nukta ya katikati. Iweke kwenye jicho la mtu, bonyeza kitufe nusu, shikilia hapohapo, kisha ndiyo usogeze kamera upange picha yako.

Jambo jingine ni kupima mwanga, na hapa hata kamera za bei kubwa hukosea. Kipimo chake huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso wa mwenye gauni unazama gizani. Wanaume wa suti nyeusi wakijaza fremu, inaongeza mwanga na gauni linaungua kabisa, yaani linabaki jeupe tupu. Ukiwa kwenye Av, yaani pale unapochagua tundu mwenyewe na kamera inachagua kasi, shikilia kitufe cha Av+/- huku ukizungusha gurudumu, uamue mwenyewe. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza, kwa sababu uso ulioingia giza kidogo unaweza kuuinua baadaye, lakini shela iliyoungua hairudi. Fanya zoezi hilo nyumbani: mvalishe dada wa jirani kanga nyeupe, mpige mara ishirini, uone tofauti.

Video usiipokee kama kazi. Haina tundu la maikrofoni, na ukirekodi fokasi yake inatangatanga. Na mambo ya mbio, kama fahali wa Khayega wakipigana, picha tatu kwa sekunde zitakuacha na vumbi tu.

Huenda mtu akakuonyesha Nikon D3500 kwa bei hiyohiyo. Ni nzuri pia, na betri yake hufikisha picha 1,550 ikilinganishwa na 500 hivi za 2000D. Ila haina mota ya fokasi mwilini, kwa hiyo lenzi nyingi za zamani utazizungusha kwa mkono. Nikon waliacha kuitengeneza mwaka 2022, na hata Canon nguvu zao sasa ziko kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Hilo lisikutishe. Lenzi zilizotumika ni nyingi, nawe unajifunza.

Kabla hujatoa pesa, funga tundu hadi f/16 upige ukuta mweupe. Madoa meusi ni vumbi la sensa, fundi analisafisha. Kisha mulika ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, usiichukue hata akipunguza bei. Mimi unyevu wa ziwa umeniharibia lenzi mbili. Huko kwenu adui ni vumbi, kwa hiyo ukibadilisha lenzi zima kamera na uielekeze chini.

Anza na watoto wa jirani, halafu mahafali ya Egerton. Harusi uende kwanza kama msaidizi wa mtu, mwaka mzima ukiweza.

Ile lenzi yangu ya 50 ya f/1.8 nimeitoa kabatini. Ikilinganishwa na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi, ila kwenye sensa hiyo inavuta karibu kama lenzi ya 80, kwa hiyo ndani ya nyumba utarudi nyuma hadi ukutani. Nimeifunga kwa ile sweta yako ya shule. Nitaipeleka stendi Ijumaa asubuhi, nikupigie nikuambie imepanda basi gani.

Ni mimi baba yako,
Kisumu