Ayie Kwanza au Viza Kwanza? Maswali ya Wasomaji

Barua tatu za mwezi huu, kutoka Kisumu, Kakamega na Nakuru, zinahusu ndoa ambazo mmoja yuko huku na mwenzake yuko ng'ambo. Tumeipa ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu inagusa mambo ambayo familia nyingi za eneo hili huyagundua wakati muda wa kuyarekebisha umekwisha.

Mshauri, salamu kutoka Kondele. Mimi ni mwalimu wa chekechea mwenye umri wa miaka 27. Nimechumbiwa na mwanamume aliyezaliwa Ugunja, ambaye sasa ni raia wa Marekani na anaishi Minnesota. Tulifahamiana kwa simu, kisha tukaonana uso kwa uso Desemba iliyopita alipokuja kumzika baba yake. Amesema ataniombea viza ya uchumba. Wazazi wangu wanasema hawawezi kumtoa binti bila ayie, yaani malipo ya kwanza ya mahari ya Wajaluo ambayo hupokewa na mama wa binti, na baba zake wadogo wako tayari kuileta mwezi ujao hata kama mwenyewe hatakuwapo. Yeye hana neno juu ya hilo, ila anataka nimpe nywila ya barua pepe yangu na ya eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali ya Kenya, ili ashughulikie kila kitu kutoka huko. Siku hizi pia ananiomba picha za faragha, akisema mke hamfichi mumewe kitu. Nampenda na sitaki kuiharibu safari hii. Nianzie wapi? – Dada A., Kisumu

Dada A., nianze na ayie, kwa sababu hapo ndipo mpango wa wazazi wako na mpango wa mchumba wako unapogongana bila mtu yeyote kukusudia. Viza ya uchumba, ambayo Wamarekani huiita K-1, hupewa watu ambao bado hawajaoana, walio huru kuoana, na ambao wameonana ana kwa ana katika miaka 2 kabla ya ombi kuwasilishwa. Sharti la kuonana mmelitimiza. Lakini Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila kuwa ndoa kamili, sawa na ya kanisani au ya serikali, na inasema wazi kwamba pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo tu kikitolewa kinatosha kuithibitisha ndoa. Kwa hiyo siku wazee watakapoketi kwenu, mama yako akapokea ayie, na shangazi zako wakazituma picha kwenye makundi yote ya WhatsApp, afisa wa ubalozi wa Marekani kule Gigiri atakuwa na sababu ya kusema kwamba wewe si mchumba tena bali ni mke wa mtu, na ombi la viza ya uchumba litaanguka.

Wapo watakaokushauri ufanye ayie kisha unyamaze. Nakusihi usiwasikilize. Mtu anayethibitika kusema uongo kuhusu jambo zito ili apate viza ya Marekani anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote, asipopata msamaha maalumu ambao si rahisi kupatikana. Ukiulizwa kama mila zimefanywa, jibu ni lile lililo kweli, na ndiyo maana mipango yenu inapaswa kupangwa ili ukweli huo usiwadhuru.

Kwa maoni yangu, mngoje aje, kisha muoane hapa na aombe viza ya mke badala ya ya uchumba. Kwanza, itakuwa heshima kwa wazazi wako kwamba mkwe amefika mwenyewe. Pili, sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwapo kwenye sherehe, mpaka wawe wamekutana kimwili kama mume na mke baada ya sherehe hiyo. Ayie ya mwezi ujao inaweza basi kukuondoa kwenye uchumba bila kukufikisha kwenye ndoa inayokubalika. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwangu, viza ya mke inakulinda kuliko ya uchumba. Anayeingia kwa viza ya mke anaingia akiwa mkaazi wa kudumu, anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza, na hadhi yake haingoji mtu abadili nia. Anayeingia kwa viza ya uchumba ana siku 90 za kuolewa na mtu yuleyule aliyemwombea, siku hizo haziongezwi, na hawezi kupata ukaazi kupitia ndoa na mtu mwingine. Hata akiolewa, husubiri kibali kabla ya kufanya kazi. Mwanamke aliyeacha ajira Kisumu, aliye katika nyumba isiyo yake, asiye na ruhusa ya kutafuta riziki, ana nafasi ndogo sana ya kukataa jambo lolote.

Ili hayo yafanyike katika likizo yake moja, hesabu ya siku ianze mapema. Ndoa ya serikali inahitaji notisi ya siku zisizopungua 21 kwa msajili wa ndoa, nayo huombwa kupitia eCitizen. Akisubiri kutua ndipo mwanze, likizo itaisha kabla ya notisi. Mkichagua kubaki na ndoa ya kimila, mnapaswa kumjulisha msajili ndani ya miezi 3 tangu mila kukamilika, na nyote wawili mfike mbele yake kuchukua cheti, kwa kuwa ubalozi utataka cheti na si picha za sherehe. Aje na ushahidi kwamba hana mke, na kama aliwahi kuoa, hati halisi ya talaka au ya kifo. Muulize pia, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, kama yeye amewahi kumtolea mwanamke yeyote ayie, Ugunja au kwingineko. Mila zetu zinaruhusu ndoa ya mitala, na Marekani haimpi viza mke wa pili.

Sasa nywila. Usimpe. Sisemi kwamba mchumba wako ni mtu mbaya. Nasema kwamba ombi hili ni la watu wawili, na mtu asiyejua kilichoandikwa kwa jina lake hawezi kukitetea akiketi mbele ya afisa. Fomu I-130, ya kuomba jamaa atambuliwe, ni yake, ataijaza na kuitia saini yeye. Fomu yako ya viza, DS-260, ni yako, na wewe ndiwe unayeapa kwamba yaliyomo ni kweli. Mwombe nakala ya kila kinachowasilishwa. Baada ya ombi kupokelewa, idara ya uhamiaji ya Marekani humtumia risiti yenye namba ya herufi 3 na tarakimu 10. Ukiwa nayo unaweza kufuatilia ombi mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, ambayo anwani yake huishia na .gov, ukiwa hapo hapo Kondele na simu yako. Mtu mwenye nia njema hatachukizwa na ombi hilo. Akichukizwa, umejua jambo ambalo ni afadhali ulijue ukiwa bado kwenu.

Niseme kwa haki kwamba viza ya uchumba ina ubora mmoja: sheria ya Marekani ya mwaka 2005 kuhusu madalali wa ndoa inamlazimu anayemwombea mchumba kutaja hukumu zake za ukatili, na habari hizo humfikia mchumba. Kwa viza ya mke hakuna sharti kama hilo, hivyo muulize mwenyewe, na ukiwa na ndugu huko mwombe aangalie rekodi za mahakama, ambazo katika majimbo mengi mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Kuhusu picha za faragha, hakuna ubalozi unaozihitaji kama ushahidi wa mapenzi. Wanachotazama ni picha zenu mkiwa na jamaa, rekodi za simu, risiti za fedha mlizotumiana na tiketi za safari zake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandao inamwadhibu anayesambaza picha za utupu za mwenzake kwa faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili, lakini kumfikisha mahakamani mtu aliye Minnesota ni kazi ngumu mno. Maneno kwamba mke hamfichi mumewe kitu hayana nguvu hapa: bado hujawa mke wake, na hata ukiwa mke, mwili wako ni wako.

Atakapokuja, nendeni mkapimwe VVU pamoja kabla ya kukutana kimwili, kwa kuwa kila mmoja ameishi maisha yake muda mrefu mbali na mwenzake. Huduma hiyo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Majibu yakitofautiana, aliye salama anaweza kutumia PrEP, dawa za kujikinga kila siku. Msiogope kwamba kipimo kitawanyima viza: tangu Januari 2010 VVU si kizuizi cha kuingia Marekani.

Na usiache kazi yako ya ualimu. Maombi haya aghalabu huchukua zaidi ya mwaka, na serikali ya Marekani yenyewe huwaonya waombaji wasiache ajira wala kuuza mali kabla viza haijatoka.

Mshauri, mke wangu tulifunga naye ndoa kanisani, na mapema mwaka 2025 akaenda Uingereza kama mhudumu wa wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Ajenti mmoja ameniahidi viza ya mume ndani ya wiki 6 kwa shilingi 350,000. Nimemlipa nusu, na amechukua pasipoti yangu akisema lazima ikae ofisini kwake. Mke wangu ana wasiwasi. Je, nimalize malipo? – Ndugu W., Kakamega

Ndugu W., usilipe hata shilingi moja zaidi. Uingereza ilibadilisha kanuni zake, na wahudumu wa wazee walioomba viza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Mkeo yumo katika kundi hilo, kwa hiyo ajenti huyo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Pengine umesikia kuhusu viza ya mwenzi yenye sharti la kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Hiyo ipo, lakini ni ya wale ambao wenzi wao ni raia wa Uingereza au wana ukaazi wa kudumu huko, na mkeo bado hajafikia hapo. Wauguzi waliosajiliwa wako chini ya kanuni tofauti na hao huruhusiwa kuja na familia, jambo ambalo maajenti hulitumia kuwachanganya watu. Kama mkeo ana nia ya kusomea uuguzi, hiyo ni njia ndefu ila ni ya kweli.

Pasipoti yako idai leo, ukiwa na shahidi. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya, na ajenti hana haki ya kuishikilia kama rehani. Akikataa, ripoti kituo cha polisi na upewe namba ya ripoti, kisha ufike ofisi ya uhamiaji mjini Kisumu. Mwambie pia akuonyeshe kila alichokijaza kwa jina lako. Hili nalisisitiza kwa sababu udanganyifu katika ombi la viza ya Uingereza unaweza kukufungia nje miaka 10, na atakayefungiwa ni wewe uliyetajwa kwenye fomu, si yeye aliyeijaza. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo yako usiufute.

Najua kusubiri mke akiwa mbali kunachosha, na kwamba majirani huuliza maswali yanayouma. Lakini wasiwasi wa mkeo ni ushauri mzuri kuliko ahadi ya wiki 6.

Binti yangu aliolewa mwaka jana na sasa amepata viza ya mke kwenda Texas. Mkwe ni mtu mpole, ila sisi hatuna jamaa yeyote huko. Nimwambie nini kabla hajaondoka? – Mama N., Nakuru

Mama N., mwambie kwamba pasipoti yake na kadi yake ya ukaazi atazitunza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, hata kama nyumba ni ya amani. Akuachie nakala za cheti cha ndoa, pasipoti na viza. Afungue akaunti ya benki kwa jina lake mara atakapopata namba yake ya hifadhi ya jamii, na mkubaliane siku ya wiki ya kupigiana simu ambayo haipitwi bila sababu.

Kwa kuwa ndoa yao haijatimiza miaka 2, kadi atakayopewa itakuwa ya masharti, ya miaka 2. Katika siku 90 za mwisho kabla ya kadi hiyo kuisha, yeye na mumewe watapaswa kuwasilisha Fomu I-751 kwa pamoja ili masharti yaondolewe. Wapo wanaume wanaoitumia fomu hiyo kumnyamazisha mke, wakimwambia kwamba bila saini yao atarudishwa Kenya. Si kweli. Mke aliyetendewa ukatili anaweza kuiwasilisha peke yake, na sheria ya Marekani ya mwaka 1994 dhidi ya ukatili kwa wanawake imewapa wake wa raia na wa wakaazi wa kudumu njia ya kujiombea ukaazi bila mume kujua. Simtuhumu mkwe wako. Haki hii ni ya kila mke, naye anapaswa kuijua kabla ya kuihitaji.

Aihifadhi kichwani namba 911 ya dharura, na 1-800-799-7233, ambayo ni simu ya kitaifa ya Marekani ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani na hupokewa saa zote. Wewe uliye Nakuru, ukihitaji ushauri wa aina hiyo kwa ajili yako au jirani, piga 1195 bila malipo. Na ile tarehe ya kuisha kwa kadi, akishaipokea, akusomee kwenye simu nawe uiandike.