Lindi imekuwa yetu tangu lini?

Babu jirani yangu hapa Ngamiani huchomeka kalamu ya risasi nyuma ya sikio kama seremala, ingawa maisha yake yote alikuwa karani. Alianzia shamba la mkonge enzi za Mwingereza. Meneja wake alikuwa akiletewa magazeti ya kwao kwa meli, yakifika yameshapitwa na wiki kadhaa, akiyasoma na kuyatupa. Babu akiyaokota. Habari zilikuwa zimeshachacha, yeye alichokitaka ni kile kijedwali cha visanduku vyeusi na vyeupe, fumbo la maneno: unasoma kidokezo, unajaza jibu lake herufi kwa herufi.

Siku hizi fumbo la Kiingereza tunalipata kwenye simu yangu. Lakini wenzetu wengi Kiingereza cha namna ile kinawachosha, basi Babu akatuanzishia letu la Kiswahili. Kila siku baada ya alasiri anakuja kibarazani pangu, ninaposhonea, na kipande cha boksi alichokichora visanduku. Mwuza kahawa akipita anatuachia vikombe, anavirudia baadaye. Huu ni mwaka wa nne. Wateja wangu wakitukuta huuliza, "Mnaanzia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo nimekaa kuandika.

Anza kwa kutokiamini kidokezo. Kimeandikwa kama sentensi ya kawaida ili usinzie. Ndani yake mna vitu viwili: maana ya jibu, ambayo hukaa ama mwanzoni ama mwishoni, na njia ya kulipata jibu hilohilo kwa kuchezea maneno au herufi. Kitendawili kina njia moja tu. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai, nawe unajua ni yai kwa kuwa bibi yako alikuambia. Fumbo hili lina njia mbili zinazokutana, kwa hiyo ukifika unajua umefika. Tarakimu ya kwenye mabano ni idadi ya herufi. Sisi tumekubaliana kila herufi ina kisanduku chake, hata "ch" na "ng" ni visanduku viwili viwili, baada ya ugomvi nisiotaka kuukumbuka.

Waingereza wanapenda sana neno "flower". Shuleni tulifundishwa ni ua. Mtunga fumbo anakutega: kwake ni kitu kinachotiririka, maana "flow" ni kutiririka, na jibu linakuwa jina la mto. Kiswahili kwa mtego huo ni tajiri kupita kiasi. Mbuzi huyu anakula majani, yule anakuna nazi. Kaa yuko mikokoni, kaa liko jikoni. Kwa upande mwingine, wao wana mchezo wa maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, ambao kwetu haupandi, maana tunaandika kama tunavyotamka. Na karibu kila neno letu linaishia na irabu. Ukikwama, hiyo ni herufi ya bure.

Sasa nikusimulie nilivyoaibika, maana ndiko nilikojifunza zaidi kuliko kote.

Ilikuwa Ijumaa, nina suruali ya mtu inataka kupindwa na mwenyewe amesimama. Kwenye boksi mlikuwa na vidokezo vinne. Cha juu, mlalo: "Lima ovyo, urithi wa mababu (4)". Neno "ovyo" ni ishara kwamba herufi zivurugwe. Vuruga LIMA, unapata MALI. Urithi wa mababu si mali? Nikaandika, tena kwa wino.

Kutoka herufi ya pili ya neno hilo kulishuka kidokezo cha wima: "Utulivu ukirudi nyuma, shusha kichwa (5)". Utulivu, AMANI. Ina herufi tano, inaanza na A, na A ninayo tayari. Nikaandika.

Katikati: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Hiki nilikipata kwa haki. Paa ni mnyama, na paa ndilo liko juu ya nyumba. A yake ikaangukia palepale kwenye A ya katikati ya AMANI. Nikajiona malkia.

Chini kabisa: "Mji wetu hushika upepo (5)", na herufi ya pili, kwa mujibu wa AMANI yangu, ni I. Nikafikiria Kilwa. Nikafikiria Lindi. Nikajishawishi kwamba Lindi kuna upepo wa kusi wa kutosha, nikaandika LINDI, nikarudi kwenye suruali.

Babu akaliangalia boksi kimya, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, Lindi imekuwa yetu tangu lini?"

Shoga yangu wa duka la pili alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Jibu lilikuwa TANGA, bila shaka, mji wetu na tanga la jahazi. Niko ndani ya mji wenyewe, nautafuta Lindi! Lakini ukiandika TANGA, herufi ya pili ni A, na AMANI haiwezi kukaa. Nisome tena: utulivu ukirudi nyuma. Andika AMANI kinyumenyume, unapata INAMA, yaani shusha kichwa. Na INAMA ikikaa, inaanza na I, basi MALI nayo inavunjika. Herufi za LIMA zinajipanga MILA. Mila nazo ni urithi wa mababu.

Angalia kosa lilivyojenga nyumba. MALI iliniletea AMANI, PAA iliyokuwa sahihi ikaisimamia AMANI shahidi, na AMANI ikanipeleka kusini. Kwa hiyo herufi zinazokutana usizifanye hakimu kama zote umeziandika mwenyewe. Na wino uache. Babu na uzoefu wake wote anatumia risasi na kifutio.

Siku hiyo hakuniambia nimekosea wapi. Aliniambia "nithibitishie", na hilo ndilo neno tunalolitumia kibarazani mpaka leo. Ukitoa jibu, unachukua kidokezo neno kwa neno na kueleza kila moja linafanya kazi gani. Likibaki neno moja limekaa bure, jibu si hilo, hata likiingia kwenye visanduku kama mkono kwenye glavu. Kwenye LINDI, "wetu" ilikaa bure. Kwenye AMANI, "shusha kichwa" yote ilikaa bure na mimi sikuiona, kwa kuwa nilishafurahi. Ukianza kufumbua na wenzio, wekeni sharti hili kabla ya jingine lolote. Bila hilo, mazungumzo yanakuwa ya nani kawahi, na anayewahi ni yuleyule kila siku, wengine wanakunywa kahawa yao na kuondoka.

Halafu kuna suala la kupayuka. Tuna mama mmoja, nampenda, ila akilipata jibu barabara nzima inajua. Siku hizi ukipata unasema "ninalo" na kunyamaza. Mwenzio akikuomba, unampa kipande: maana iko mwisho, au herufi zinavurugwa, au kuna neno limejificha ndani ya maneno mengine. Herufi ya kwanza ni msaada wa mwisho. Mwanangu wa darasa la sita mara nyingi anatushinda sote, nadhani kwa sababu hana habari na maana ya sentensi, anaona herufi tu.

Ukikwama, ondoka. Pinda suruali. Majibu mengi mimi huyapata nikiwa namenya ndizi.

Babu ana kisa anachokirudia kila tunapoanza kuona miujiza kwenye visanduku. Mwaka 1944, wiki chache kabla ya majeshi ya Waingereza na wenzao kushuka Normandy, Ufaransa, kupigana na Wajerumani, fumbo la gazeti la Daily Telegraph lilitoa majibu kama Utah, Omaha na Overlord, yote majina ya siri ya mpango ule. Wapelelezi wakamfuata mtunzi, mwalimu wa shule aitwaye Leonard Dawe, wakamhoji, na hawakupata ujasusi wowote. Babu anapenda kumwigiza mwalimu yule akijitetea, na kila mwaka utetezi unarefuka.

Wiki iliyopita nilitunga kidokezo changu cha kwanza. Babu alikizunguka mpaka mwuza kahawa akarudia vikombe vyake, mwishowe akagonga paja na kusema nimemwibia jioni yake. Nakuachia na wewe: "Kata simu, ndani mna samaki (4)". Ukilipata, sema "ninalo".