Kiti cha dereva hakipati moto tena, nifanyeje?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Minneapolis, Marekani, huku Januari asubuhi zingine baridi inashuka mpaka nyuzi 20 na kitu chini ya sifuri. Gari yangu ni ya 2004, kiti cha dereva hakipati moto toka mwaka juzi, cha abiria kiko poa. Fyuzi nimecheki ni nzima. Jamaa mmoja kaniambia niitoe thamostati ya ndani nipige waya direkti alafu niweke fyuzi kubwa. Na mama yangu amekuja kukaa na mimi, ana sukari, ndo anakalia hicho cha abiria, kuna shida?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na huyo jamaa maana kanitisha kweli, usithubutu! Thamostati kazi yake ni kukata umeme kiti kikishapata moto wa kutosha, ukiiruka hakuna wa kuukata, na ukiweka fyuzi kubwa basi waya ndo utaungua badala ya fyuzi, tena ndani ya sponji na wewe umekaa juu yake.

Sasa tutafute ugonjwa. Kama swichi zako mbili zinafanana, zibadilishe, ya abiria weka kwa dereva, kiti kikipata moto basi ni swichi tu umemaliza. Kisipopata nenda chini ya kiti, ila kabla hujagusa plagi yoyote fungua betri, anza na negativu, subiri dakika 10 au zaidi, kwa sababu gari nyingi za miaka hiyo zina eabegi ubavuni mwa kiti na waya wake unapita hapohapo, plagi yake mara nyingi ya njano. Hiyo usiipime na mita ya umeme hata siku moja.

Chomoa plagi ya hita, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya), pima kiti kikiwa cha baridi. Pedi, yaani ule mkeka wa waya wa moto ndani ya kiti, ikiwa nzima kwa kawaida inasoma omu chache tu, mita isiposoma kitu ujue waya umekatika ndani, na kwa umri wa gari yako mimi nadhani ni hapo. Hukatika sana upande wa mlango, pale unapojiburuza ukiingia na kutoka, ndo maana cha dereva kinakufa kabla ya cha abiria. Gari nyingi pedi ya kukalia na ya mgongo zimeungwa mfululizo, ikikatika moja zote kimya, kwa hiyo pima moja moja.

Kuunga inawezekana lakini kiungo kibovu kinapata moto kuliko waya wenyewe, siti nyingi zenye tundu la kuungua zilianzia hapo. Nunua pedi mpya, zipo za kaboni za kubandika juu ya sponji, zinakuja na relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi zake. Kava imeshikwa na vipete vya chuma, kata na plaiza ufunge vipya, na pedi usiikunje.

Kuhusu mama, shida ipo tena kubwa. Sukari ya muda mrefu inaweza kuua hisia za ngozi, na ngozi inaungua hata kwenye nyuzi 45 joto likikaa hapohapo muda mrefu, mtu anaungua mapaja na hajui. Wewe washa kiti kabla hajaingia, akishakaa kizime, mfunike blanketi.